Mkasi wa Mipini Mirefu

Sikudhani hakuwa mwoga. Majirani wa Makole wanamjua: ndiye aliyemtoa nyoka kwenye tangi la maji kwa fimbo ya pazia huku wanaume wawili wamepanda juu ya meza, na ndiye aliyemtoa mbio fundi bomba mlevi akiwa na mwiko tu mkononi. Lakini kila mtu ana lake linalomshinda, na la Sikudhani lilikuwa mbwa. Mbwa mkubwa, mbwa mdogo, mbwa aliyelala, mbwa wa kwenye kalenda, wote kwake walikuwa kitu kimoja. Akimwona mmoja njiani alivuka barabara. Wakiwa wawili alirudi alikotoka.

Sasa tazama mambo ya Mungu: riziki yake akaiweka kwenye nyumba yenye mbwa.

Alikuwa na mwaka wa kumi na moja akifanya kazi kwa Shantaben, mjane wa Kihindi wa miaka sabini na tisa, ambaye yeye na marehemu mumewe waliuza vitambaa mjini Dodoma tangu mji huu una vumbi jingi kuliko watu. Miaka saba ya kwanza nyumba haikuwa na mbwa. Kisha mzee akafariki, na Shantaben akakaa kwenye kiti chake cha barazani akaacha kula. Chai ilipoa, chapati zilikauka, mama wa watu akawa anakwisha huku watu wanamtazama. Mwanawe Nikhil, anayeishi Dar es Salaam, alikuja, akahangaika, na siku ya kuondoka akamletea kitoto cha mbwa ndani ya boksi la sabuni. Sikudhani alifunga mzigo wake siku hiyohiyo. Alipopita barazani kuaga, akamwona Shantaben anakata chapati vipande viwili. Kimoja akampa mbwa, kimoja akakitia kinywani mwake mwenyewe. Sikudhani hakuaga. Alirudi chumbani akafungua mzigo.

Mbwa akaitwa Moti, maana yake lulu, kwa lugha ya mwenye nyumba. Lulu hiyo ilikua ikawa dume la rangi ya kahawia lenye kifua kipana na kucha nyeusi, na kwa miaka minne Sikudhani aliishi nalo kama nchi mbili zenye mpaka. Mpaka ulikuwa ngazi moja ya sakafu nyekundu kati ya jiko na baraza ya nyuma. Bakuli la chakula alilisukuma kwa mpini wa ufagio. Akitaka kupita kwenda kuanika nguo, Shantaben alishika mkanda wa shingoni mwa Moti mpaka apite. Na ikitokea pua yenye unyevu imemgusa, kazi yote ilisimama. Alikwenda bombani kuosha mara saba, moja kwa udongo, kama walivyofundishwa utotoni kwao Kondoa. Kopo la udongo mwekundu, aliouchekecha mwenyewe, lilikaa chini ya bomba wakati wote.

Usimcheke. Kwao ni kwenye vilima vya juu ya Kolo, na alikuwa na kaka aliyeitwa Hashimu. Hashimu alikuwa na miaka tisa, yeye saba, mbwa mzururaji alipomng'ata mtoto yule kwenye shavu la mguu. Kidonda kilikuwa kidogo. Kilifungwa majani, kikapona, watu wakasahau. Baada ya mwezi na siku kadhaa Hashimu akaletewa maji kwenye kata, akayaogopa. Walimfungia kwenye chumba cha nafaka, na Sikudhani alikaa nje, mgongo ukutani, akamsikia siku mbili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyu aliyemsikia kaka yake akifa kwa kichaa cha mbwa, ulitaka afanye nini?

Moti alichanjwa kila mwaka. Kadi yake ilining'inia kwenye msumari jikoni. Sikudhani aliisoma mara nyingi, muhuri kwa muhuri, na haikumsaidia kitu.

Kucha za Moti zilikatwa na Gaudence, bwana mifugo kijana aliyepita kila baada ya wiki tatu na mkoba wake. Siku ya kucha Sikudhani alijifungia jikoni akafungulia redio kwa sauti, kwa hiyo hakuwahi kuona kinachofanyika. Mwanzoni mwa mwaka Gaudence akahamishiwa Singida. Daktari mwingine wa mifugo alisema mbwa apelekwe kwake, lakini madereva wa bajaji wakimwona abiria mwenyewe walikumbuka ghafla kwamba wana safari nyingine. Miezi ikapita. Kucha zikarefuka zikaanza kupinda, na ule ukucha wa pembeni, usiogusa chini, ukawa kama ndoana.

Jumatano moja Moti aliruka kumpokea mama yake asubuhi, kama siku zote, na ndoana ile ikapasua goti la Shantaben hadi chini kidogo. Ngozi ya mtu wa miaka karibu themanini ni kama karatasi ya kufungia sambusa, na Shantaben anakunywa vidonge vya moyo vinavyofanya damu iwe nyepesi. Sikudhani alikandamiza kitambaa, akabadilisha, akakandamiza kingine. Saa nzima damu ilikataa kukauka. Wakiwa katikati ya hayo simu ya Nikhil ikaita, na Sikudhani, ambaye hakuzoea kudanganya, akasema ukweli.

Nikhil, ambaye humwita kwa jina la bintiye, akasema, "Mama Rukia, nakuja Jumapili kwa treni. Nikikuta kucha za namna hiyo, mbwa anaondoka siku hiyohiyo. Kuna mtu ana ghala Ihumwa, anataka mbwa wa kufunga mnyororo getini. Nimemaliza."

Shantaben, macho yake yakiona vivuli tu siku hizi, aligeuza uso kuelekea sauti ya simu iliyokuwa kwenye spika. Alipapasa chini ya kiti mpaka akagusa sikio la Moti.

Siku nne. Sikudhani aliuliza huku na huku, hakuna mtu aliyetaka kazi ile. Alhamisi akajikaza kisabuni, akavaa baibui, akaenda kwenye duka la dawa za mifugo karibu na soko la Majengo. Nyuma ya kaunta alikuwepo Edina, mwanamke wa Kigogo wa miaka kama thelathini, mwenye koti jeupe na kalamu sikioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka kitu cha kukatia kucha za mbwa."

Edina alipanga vitu juu ya kaunta. Kimoja kilikuwa na tundu: unaingiza ncha ya ukucha, unabana, kisu kinashuka kama shoka. Kingine kilikuwa kama koleo dogo, chenye midomo miwili mikali na kibati cha kuzuia usikate kupita kiasi. Cha tatu kilikuwa mashine ndogo ya kuchaji inayosaga badala ya kukata. Edina akaiwasha, ikavuma kama nyuki ndani ya chupa, na Sikudhani akarudi nyuma hatua moja.

Aliviangalia vyote. Vilikuwa vifupi. Mtu akikishika hiki, alifikiri, vidole vyake viko wapi, na meno yako wapi? Akakipima kila kimoja kwa shubiri, kutoka kwenye makali hadi kwenye mkono wake. Shubiri moja. Shubiri moja. Nusu shubiri.

Ndipo akauona, umetundikwa ukutani kati ya kamba na kengele za ng'ombe: mkasi wa kukatia kwato za mbuzi, mipini yake mirefu kama mkono wa mtoto.

"Nipe ule."

"Mama yangu, ule ni wa mbuzi."

"Mbuzi nimewakata kwato tangu sijavunja ungo," Sikudhani akasema, na hapo hakusema uongo. Babu yake alikuwa na mbuzi arobaini, na katika wajukuu wote ni yeye aliyeaminiwa kisu. Kwato unaipunguza mpaka unafika kwenye weupe wenye unyevu, unasimama. Alijua kazi hiyo akiwa amefumba macho.

"Ukucha wa mbwa si kwato," Edina akaanza, lakini wateja wawili wakaingia wakibishana kuhusu dawa ya kupe, na Sikudhani hakungoja. Hakutaka kusikia jambo lolote litakalomwondolea mipini ile. Ndivyo hofu inavyotununulia vitu: inaangalia urefu tu.

Ijumaa mchana wakafanya. Shantaben alikaa kwenye kiti chake akakumbatia kichwa cha Moti. Sikudhani alivaa glavu za mpira za kuoshea choo, jozi mbili, moja juu ya nyingine, akachuchumaa mbali kadiri mipini ilivyoruhusu. Kijasho chembamba kilimtoka. Alisoma Bismillahi, akaingiza ukucha kati ya makali na, kama anavyofanya fundi wa kwato, akakata nusu nzima kwa mkupuo mmoja ili aone weupe.

Hakukuwa na weupe. Kulikuwa na damu.

Moti alipiga ukelele ambao Sikudhani hakuwahi kuusikia kwa mnyama. Alijichomoa, akapiga kiti kumbo, akakimbia ndani akiacha matone mekundu sakafuni, akaingia chini ya kitanda. Sikudhani alikuwa ameshapanda juu ya meza ya baraza bila kujua alivyopanda. Mkasi ulikuwa umeanguka kwenye ndoo.

"Nini? Nani ameumia?" Shantaben alikuwa anapapasa hewa kwa mikono miwili. "Siku! Nani ameumia? Niambie!"

"Moti, mama. Nimemkata nyama. Kumbe kuna nyama humo ndani."

"Manjano. Lete manjano, tumbandike manjano."

Ilibidi Shantaben mwenyewe apige magoti kando ya kitanda, na goti lake lile lile lililofungwa bandeji, aingize mkono wenye unga wa manjano gizani, amwite mbwa kwa lugha ya kwao mpaka akatoa mguu. Sikudhani alisimama mlangoni. Aibu na woga vilimshika pamoja.

Damu ilipokauka, Shantaben alirudi kwenye kiti chake. "Siku," akasema, "tumwache aende Ihumwa. Kuliko kumtesa."

"Mama..."

"Huna kosa. Mimi ni kizee kipofu, kimeng'ang'ania kitu. Mwache aende."

Sauti haikupanda wala kushuka. Jioni Sikudhani akamletea chapati mbili na mchuzi wa dengu. Aliporudi kuchukua sahani, chapati zilikuwa mbili. Hazikuguswa. Akasimama na sahani ile mkononi. Miezi miwili ile baada ya mazishi aliikumbuka vizuri. Alikuwa ndiye anayemwogesha, na alihesabu mbavu. Safari hii hakungekuwa na boksi la sabuni. Sikudhani alikuwa na hofu mbili sasa, moja ya meno na moja ya kiti kitupu, na ya pili ilikuwa imeanza kuizidi ya kwanza.

Jumamosi duka lilipofunguliwa alikuwa mlangoni, mkasi ameuosha na kuufunga kwenye gazeti.

"Umemkata mshipa," Edina akasema kabla hajaulizwa.

"Nimemkata."

Edina hakucheka, na Sikudhani akampenda kwa hilo. Aliupokea mkasi, akampa koleo dogo badala yake, pamoja na tupa nyembamba ya kulainishia. Kisha akachukua mkono wa Sikudhani, akakunja kidole chake kidogo kiwe ndio ukucha.

"Sikiliza mama yangu. Kwato ni kavu mpaka mbali. Ukucha wa mbwa una mshipa katikati, na ukiwa mweusi huuoni kwa nje. Kwa hiyo unakata kidogo, unene wa punje ya mtama. Unatazama pale ulipokata. Ukiona pakavu, kata punje nyingine. Ukiona kidoa katikati, kama tone la mafuta, umefika. Acha. Malizia na tupa."

"Na hii mashine?"

"Mbwa aliyeumizwa jana akisikia hiyo atapasua ukuta. Na ile ya tundu haitaingia ule ukucha uliopinda. Chukua koleo. Lakini mama, utamshika mguu kwa mkono wako mwingine. Unabonyeza kidole chake taratibu, ukucha unatoka. Bila glavu, maana ukivaa glavu hujui unabonyeza nini."

"Bila glavu."

"Bila glavu."

Sikudhani alirudi Makole kwa miguu. Jua lilikuwa kali na upepo wa Dodoma ulimjaza mchanga machoni, naye hakuharakisha hata kidogo. Alitamani njia iwe ndefu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, watu husema, lakini wanaosema hivyo wengi wao hawako karibu na maji.

Moti alipoona kile chuma kidogo alijikunyata, masikio yakalala. Shantaben alimlaza kichwa mapajani mwake, akaanza kumwimbia wimbo wa polepole. Sikudhani akaketi kwenye sakafu. Si kuchuchumaa tayari kukimbia. Aliketi, miguu ameikunja, kwa sababu alijua akichuchumaa atakimbia. Akapiga moyo konde, akanyoosha mkono mtupu, akashika mguu wa mbwa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ulikuwa wa moto. Nyama ya chini ya vidole ilikuwa ngumu kama kisigino cha mkulima. Akabonyeza. Ukucha ukatoka.

Punje ya mtama. Pakavu. Punje nyingine. Pakavu. Ya tatu, na katikati pakaonekana kidoa kinachong'aa. Akaacha, akaachia pumzi aliyokuwa ameibana tangu aketi.

Alikata wa pili na wa tatu. Wa nne ulikuwa kwenye mguu ule wa jana. Alipougusa tu, Moti aligeuza kichwa kwa kasi ambayo jicho halikuifuata, na mkono wa Sikudhani ukawa ndani ya mdomo.

Hakupiga kelele. Hakuuvuta mkono. Si kwa ushujaa, tusimpambe. Mkono ulikataa amri. Aliyasikia meno pande zote mbili za kifundo cha mkono, na ulimi wa moto chini yake, na mate yakimteremka hadi kiganjani. Alimsikia Hashimu, ukutani, wazi kabisa, miaka arobaini na mitatu baadaye. Alifikiri: ndivyo inavyoanza, kidonda kidogo.

Wimbo ulikatika. "Siku? Mbona umenyamaza?"

"Amenishika mkono, mama," akasema, kwa sauti ndogo ya mtoto. "Usimkaripie. Tafadhali usimkaripie."

Shantaben hakumkaripia. Alishusha kiganja chake taratibu, akakifunika juu ya macho ya mbwa, akakiacha hapo. Wote watatu wakakaa hivyo. Gari la matangazo lilipita mtaani likitangaza dawa ya mende, likaisha. Kisha meno yakalegea, na Moti akaurudisha uso wake mapajani kwa bibi kama mtu anayejisikia vibaya.

Sikudhani alikitazama kifundo chake. Ngozi ilikuwa nzima. Kulikuwa na vijishimo vyekundu mstari mmoja, na mate, mate mengi, yanameremeta juani. Bomba lilikuwa hatua kumi. Kopo la udongo lilikuwa pale. Mwili mzima ulimvuta kwenda, na hapo alijua jambo moja kwa hakika: akiinuka kwenda kuosha, hatarudi kuketi. Leo ni Jumamosi, na kesho ni treni.

Hakuinuka. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa bega, akaushika tena mguu kwa mkono uleule wenye mate. Punje. Pakavu. Punje. Kucha kumi na nane zilichukua zaidi ya saa moja na nusu. Ule uliopinda kama ndoana aliukata kwa vipande sita, kisha akaupiga tupa mpaka akaupitisha kwenye shavu lake mwenyewe kuujaribu, na haukukwaruza.

Ndipo akaenda bombani. Aliosha mara saba, moja kwa udongo. Akaanza upya, mara saba nyingine. Awamu ya tatu hakuihesabu.

Jumapili Nikhil alifika saa sita mchana, akambusu mama yake, akatazama bandeji, akampigia Moti mluzi. Alimshika mguu mmoja baada ya mwingine, akapitisha kidole gumba kwenye kila ukucha. Simu ya mtu wa Ihumwa ilikuwa imeshafunguliwa kwenye kiganja chake; aliiangalia, akaizima, akaitia mfukoni.

"Kazi safi," akasema. "Nani amekata?"

"Siku," akajibu mama yake.

Nikhil akageuka akicheka, kwa nia njema kabisa, kama wanavyocheka watu wasioogopa mbwa. "Kumbe muda wote huo ulikuwa unaweza, Mama Rukia! Si ungetuondolea taabu mapema?"

Sikudhani akaokota vikombe vya chai, akaenda jikoni.

"Hakuwa anaweza," alimsikia Shantaben akisema nyuma yake. "Hata leo hawezi. Nenda kamwangalie mikono."

Nikhil hakwenda. Aliuliza, kwa sauti ya chini kuliko ya kwanza, kucha za mbwa hukatwa kila baada ya muda gani. Mama yake akamwambia wiki tatu, na akaomba aletewe chapati nyingine.

Jikoni, Sikudhani aliviweka vikombe kwenye sinki kabla havijamponyoka. Alipeleka chapati, akarudi, akakaa kwenye kigoda. Moti alikuwa na miaka minne. Aliwahi kusikia kwamba mbwa anaweza kufika kumi na mbili, na zaidi akitunzwa, na huyu alikuwa anatunzwa. Akajaribu kupiga hesabu ya wiki tatu ngapi zimo katika miaka minane, akaishia kwenye vidole. Akajifunika uso kwa ncha ya khanga, akaanza kuogopa mapema.